Sifa na Ukweli Katika Maombi ya Udaktari

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana wa Nyarero, wilayani Tarime, aombaye kusomea udaktari katika vyuo vya Tanzania, kwa kawaida hupimwa kwa alama zake za fizikia, kemia na biolojia, hatakiwi kujisifu. Lakini aombapo Uingereza, hutakiwa pia kuandika maelezo ya nafsi yake, yasiyozidi herufi 4,000 pamoja na nafasi zake. Hapo hana budi kujitembeza. Je, ni aibu?

Kujieleza si aibu. Aibu ni kuuza kisicho chake. Kijana aliyemuuguza bibi mzaa mama, akiyaandika machozi ya bibi ili ahurumiwe yeye, ameyafanya maradhi ya mwingine kuwa bidhaa. Akiandika alilolitenda, alilolishuhudia, na lile lililomshinda kuelewa hata akatamani elimu, ametoa ushahidi.

Kipimo ni kimoja: maelezo hayo yasomwe mbele ya bibi, kwa Kikuria chake. Akiitikia kuwa ndivyo ilivyokuwa, yana nguvu. Akiinamisha uso, hayana, hata kama chuo kimeyakubali. Daktari huaminiwa siri za wagonjwa. Na mgonjwa wake wa kwanza ni yule aliyemwandika.