Ukishasema "Ndiyo", Haki Imekwisha?



Nilikuwa nimefika likizo nyumbani Kanazi, Ngara, mtoto wa shangazi yangu aliponipigia. "Frateri, nimepata kazi! Uhasibu, Mwanza. Laki tano. Wanataka jibu leo. Niombe waongeze kidogo?"

Nikamjibu haraka, kama mtakatifu: "Mdogo wangu, shukuru Mungu. Wangapi wana shahada na wako kijiweni? Usianze kazi kwa tamaa." Akakubali siku hiyohiyo.

Mwisho wa mwezi uliofuata akapiga tena. NSSF asilimia 10, yaani 50,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 75,000. Kodi 14,400. Akabaki na 360,600, na humo kuna chumba, nauli, chakula, na mama yake anayemtegemea. Halafu akajua kwamba mwenzake walioanza naye siku moja, kazi ileile, analipwa laki sita na nusu. Aliomba tu, akapewa.

"Frateri, nimedhulumiwa au nina wivu?"

Nina shahada ya falsafa, lakini sikuwa na jibu.

Wiki hiyo tulikuwa tunavuna kahawa. Akaja kijana anatafuta kibarua. Nikamuuliza anataka shilingi ngapi kwa siku. "Utakachonipa, Frateri." Nikataja bei ndogo, akakubali, nami nikafurahi. Jioni mama akaniuliza swali moja tu: "Angekuwa ameshiba, angekubali hiyo bei?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, la shambani na lile la kwenye simu.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum, alijibu jambo hilihili. Kuna waliosema kwamba mkishapatana mshahara, na ukalipwa, haki imetimia. Papa akakataa. Alifundisha kwamba juu ya mapatano kuna haki ya asili: mshahara umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi aishi. Anayekubali pungufu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, amelazimishwa, hata kama amesaini kwa mkono wake.

Lakini je, ule mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20? Mwenye shamba si aliwakumbusha walalamikaji kwamba walipatana dinari moja? Ndiyo. Ila dinari ilikuwa ujira wa kawaida wa siku nzima. Hakuwapunja waliopatana naye, na wale wa saa ya mwisho, ambao hawakutajiwa kiasi chochote, hakutumia ukimya wao kuwapunguzia. Kwa hiyo si kila bosi anaweza kujificha nyuma ya maneno yake.

Basi nilimpigia mdogo wangu, nikaanza kwa kumwomba msamaha. Kisha nikamwambia atenganishe maswali mawili.

La kwanza: mkataba wenyewe ni wa haki? Ausome upya. Una saa zisizozidi 45 kwa wiki? Likizo ya siku 28 kwa mwaka? Mwajiri anapeleka na mchango wake NSSF? Na kinachobaki kinamtosha kuishi? Hayo si tamaa.

La pili: mwenzake. Yule kijana hakumwibia kitu, asimchukie. Lakini ile 150,000 ya tofauti haikutokana na kazi, ilitokana na ukimya. Hilo ni la kupeleka kwa mwajiri, kwa heshima na kwa hesabu mkononi, kipindi cha majaribio kikiisha.

Na nikamwonya: "ndiyo" yako bado ni ahadi. Usitegee kazi. Zaidi ya yote, wewe unashika pesa za watu, usije ukajilipa mwenyewe kimyakimya. Dhuluma haifuti dhuluma.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anauhesabu udogo wa moyo kuwa dhambi. Mimi niliuita unyenyekevu, nikamfundisha binti wa watu kuogopa.

Sijui kama mwajiri atamwongezea. Kijana wa kahawa niliweza kumwongezea mwenyewe, kesho yake asubuhi. Alinitazama kwa mshangao, kwa sababu hakuwa ameomba.

Swali la kutafakari wiki hii: ni nani amekubali bei yako kwa sababu hakuwa na namna nyingine? Dada wa kazi? Bodaboda? Fundi?

Ee Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, utufundishe kuomba haki bila tamaa, na kuitoa kabla hatujaombwa. Amina.