Kazi ya Leo na Mpango wa Miaka

Chukua orodha ya kazi za leo ya mtu yeyote mwenye ndoto ya kuandika. Utakuta: nunua luku, peleka viatu kwa fundi, jibu meseji ya mama mdogo, andika riwaya. Jioni, tatu za kwanza zimekatwa mstari. Ya nne inahamia kesho, kisha keshokutwa. Miezi miwili ikipita, mwenyewe anaanza kujiita mvivu. Si mvivu jamani. Kaweka safari ya miaka kwenye kapu la sokoni.

Naona hili ni suala la haki kabla ya kuwa suala la ratiba. Kazi ya leo ina mtu anayeisubiri. Riwaya haina, hakuna atakayepiga simu kuuliza imefika wapi. Ukiviweka pamoja, mwenye sauti atammeza asiye na sauti. Ila kinyume chake nacho ni dhuluma: wapo wanaotelekeza watoto kwa jina la "kazi kubwa".

Pugu ina mfano wake. Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, akaja kufundisha St. Francis, ambayo leo ni Pugu Sekondari. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954, naye bado ni mwalimu. Siku za wiki zilikuwa za darasa. Mwisho wa wiki ulikuwa wa Dar es Salaam, kilomita zipatazo 20, na inasimuliwa kwamba alikuwa akizitembea kwa miguu. Uhuru haukuwa kazi ya Jumamosi moja. Kazi ya Jumamosi ilikuwa kikao. Na mwanafunzi wa Jumatatu alistahili somo lake, hata kama nchi inatawaliwa.

Kutenganisha kuna kikomo, lakini. Machi 1955 alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi ikabidi achague, akaacha ualimu. Basi kutenga si njia ya kukwepa uamuzi. Kunakusaidia kuuona ukija.

Mwaka 1963, akiwa Rais, tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa. Hebu fikiria orodha ya siku ya Rais wa nchi changa: Shakespeare angepenya wapi humo?

Kwa hiyo riwaya ipe daftari lake. Kwenye orodha ya leo andika kile tu ambacho leo inaweza kukimaliza: kurasa mbili, kabla ya luku.