Msimhukumu Mtu Kabla ya Jaji

Ndugu zangu wa Iringa na Mbeya, mnaoshika kamera na mnaoshika simu, nisikilizeni!

Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa akiwa kazini. Wenzake hawakuficha kamera zao. Picha ya askari waliomzingira mtu asiye na silaha ilienea nchi nzima, na tangu hapo hakuna awezaye kutuambia kwamba hatukuona. Hiyo ndiyo kazi ya habari. Iheshimuni!

Lakini picha haiandiki hukumu. Askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Vijiweni kesi ilikwisha siku ileile. Mahakama Kuu Iringa iliimaliza Julai 2016: kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka 15. Wapo walioiona adhabu hiyo ndogo, na uchungu wao nauelewa. Hata hivyo, kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa. Nani angepima nia ya mtu akiwa amesimama sokoni Mwanjelwa, Mbeya, simu mkononi? Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa. Haikumbagua askari, mwizi wala anayeitwa mchawi.

Tena oneni hatari iliyojificha. Shahidi akishauona uso wa mtuhumiwa gazetini kabla ya gwaride la utambulisho, gwaride hilo limeharibika. Wakili wa utetezi ataanzia hapo hapo, na mwenye hatia aweza kutoka huru! Mnadhani mnamlilia marehemu, kumbe mnamnyang'anya haki yake.

Biblia inakataza kumshuhudia jirani uongo. Surat Hujurat inatuamuru tuihakikishe habari tuletewayo. Sisi tunaokwenda kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa, mbona Jumatatu tunasambaza neno "muuaji" juu ya mtu ambaye hata hajasomewa mashtaka?

Mwandishi, andika ulichokiona, wala usitishwe na cheo cha mtu. Andika "anatuhumiwa" mpaka jaji aseme. Mhariri, kama kukamatwa kwa mtuhumiwa ulikuweka ukurasa wa kwanza, kuachiwa kwake kuweke hapohapo. Nawe msomaji, picha ya mtuhumiwa iliyoingia kwenye simu yako leo, ifute. Usimtumie mtu mwingine.