Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali

Wanangu, mtu akifa bila wosia, matanga hayajaanuliwa watu wameshaanza kuulizana nyumba atachukua nani. Swali hilo lina wakati wake. Kabla yake kuna mawili: mali itagawanywa kwa sheria ipi, na nani ataisimamia. Nimekaa miaka mingi mahakama ya mwanzo nikiwa mshauri wa mahakama, na familia nilizoziona zikivunjika, nyingi zilivunjwa na msimamizi aliyejiona mwenye mali.

Hapa Tanzania Bara sheria ya mirathi si moja. Aliyeishi Kiislamu, mali yake hugawanywa Kiislamu: mjane hupata thumni watoto wakiwapo, robo wasipokuwapo, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Aliyeachana na mila, hasa Mkristo, hufuata ile sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865 tuliyoachiwa na Mwingereza: mjane theluthi, watoto theluthi mbili sawasawa, wa kike kwa wa kiume. Shauri la namna hii halifunguliwi mahakama ya mwanzo. Aliyeishi kimila hufuata kanuni zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, nazo humwambia mjane atunzwe na watoto wake bila kumpa fungu. Kanuni hizo ni dhuluma, na nasema hivyo mimi niliyezeeka ndani ya mila. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliwapa haki wajane wawili wa Kitanzania waliozilalamikia.

Kinachoamua ni jinsi marehemu mwenyewe alivyoishi. Kwa hiyo baba mdogo akisimama kikaoni na kusema kwetu mjane harithi, mwambieni kwa adabu kwamba hilo litaamuliwa na mahakama.

Sasa nizungumze nawe uliyependekezwa na kikao cha ukoo. Kikao hupendekeza tu. Anayeteua ni mahakama, baada ya kutangaza na kumpa nafasi mwenye pingamizi. Ukishakabidhiwa barua ya usimamizi hujapewa nyumba. Umepewa kazi: kukusanya mali ya marehemu, kulipa gharama za mazishi na madeni yake, kuwapa warithi haki yao, kisha kurudi mahakamani kueleza ulichofanya. Katika mahakama ya mwanzo una miezi minne tangu uteuliwe kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5; baada ya hapo hupeleka hesabu kwa Fomu Namba 6, kila muda utakaopangwa na mahakama. Muda ukibana, omba uongezewe. Ukinyamaza, warithi wana haki ya kuomba uondolewe.

Hapa ndipo wengi hupotea. Anachukua kodi ya wapangaji mwezi huu na ujao, anasema anawatunzia wadogo zake, na wadogo hao wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Au anauza kiwanja kimyakimya, anasema ni gharama za kesi. Kila shilingi iandike. Usiuze kitu kabla warithi wote hawajakubaliana na kutia sahihi.

Tena, kabla ya kugawa, tenga kilicho cha mjane mwenyewe. Nyumba aliyoijenga na mumewe ina jasho lake, na jasho la mtu aliye hai halirithiwi. Mwaka 1983, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Msimamizi mwenye kumcha Mungu hangoji mama yake amshitaki ndipo akumbuke hilo.

Wewe unayesoma haya na miezi minne yako imeshapita, nenda mahakamani wiki hii na daftari lako, uwaite na warithi wenzako.