Wema Usiokwenda Zake

Sanje ni kijiji kilichokaa chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Nyuma yake maji huporomoka kutoka msituni, mita zipatazo 170. Mbele yake yametandaa mashamba ya miwa na mpunga ya bonde la Kilombero. Tangu mwaka 1992 msitu ule ni Hifadhi ya Taifa, na mashamba yameukaribia mno. Usiku nguruwe pori hushuka kula. Wa kwanza kumsikia si mwenye shamba, ni mbwa wake; na mbwa huyo ndiye awezaye kurudi alfajiri akiwa amepasuliwa tumbo kwa jino la nguruwe.

Msomaji na achukulie kuwa ameokolewa, na kwamba yalipatikana yale ambayo kwa kawaida ni shida kupatikana: gari la kukodi, fedha, na daktari wa kushona. Bwana mifugo wa kata kazi yake kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko mbali, Morogoro mjini. Kisu kimekwisha kufanya kazi yake, nyuzi zimetiwa, na mbwa amerejeshwa nyumbani angali amelewa dawa. Hapo ndipo swali la maadili linapoanza. Mbwa huyu anadai nini?

Jibu jepesi ni huruma. Waislamu wa pwani wanaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, naye akasamehewa madhambi yake. Wanajua vilevile kwamba katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Watu huzitaja habari hizi mbili kana kwamba zinapingana. Hazipingani. Najisi ni jambo la kuosha, wala haikumwondolea mtu wajibu wowote. Na kiatu, kwa vyovyote vile, huosheka.

Lakini hadithi ile haitoshi kwa kisa cha Sanje, kwa sababu mtu yule alikuwa njiani. Alinywesha, akaenda. Ni wema wanaousifu wahenga wanaponena kwamba tenda wema nenda zako, nao ni wema mzuri kwa kuwa hausubiri malipo. Ila uko wema mwingine ambao mtu akienda zake ameuharibu. Daktari aliyeshona aweza kwenda. Auguzaye hawezi. Kiswahili, kwa kiungo kilekile kinachotoa kujuza katika kujua, kimetoa kuuguza katika kuugua. Kwa hesabu kavu ya sarufi, muuguzi angekuwa ni mwenye kumtia mtu ugonjwa. Wasemaji wakakataa hesabu hiyo, wakalitia neno maana ya kukaa na ugonjwa wa mwingine hata uishe.

Na kukaa huko kuna kazi. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Muda wote huo mbwa hakimbii wala haruki, mshono usije ukafumuka. Wala haachwi alambe kidonda, na asiye na kola ya plastiki hukata kitako cha ndoo ndogo akamvika shingoni. Chakula hupewa laini, kidogo kidogo, kama alivyoagiza daktari. Kidonda hutazamwa asubuhi na jioni, kama kimevimba, kama kinanuka, kama kinatoa usaha, na ufizi pia hutazamwa kama umepauka. Katika joto la bonde inzi hutaga upesi, na asiyewafukuza leo atatoa funza kesho kutwa. Dawa ya maumivu ni ile aliyoitoa daktari tu. Ibuprofeni ya dukani, imfaayo mwanadamu, yaweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Parasetamoli nayo si ya kubahatisha. Mwenye huruma nyingi na maarifa haba ndiye akimbiliaye kidonge hicho.

Huruma, aidha, huchoka. Usiku wa tano mbwa akilia, usingizi huishinda. Deni halina usingizi, na lililopo Sanje ni deni: mbwa huyu aliumia kazini, akilinda chakula cha watu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humtwika mwenye mnyama wajibu wa kumtunza, lakini deni hili lilikuwapo kabla ya sheria. Mwenyeji wa kisiwani asemaye kwamba mbwa ni habari ya bara na akumbuke kuwa mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioanza mwaka 2010 uliiweka Pemba pamoja na bonde la Kilombero, na mbwa wa pande zote mbili wakadungwa sindano ili watu wasife.

Yupo atakayeuliza habari ya ada ya mtoto, na ana haki ya kuuliza. Asiyeweza na aseme hivyo kabla ya kisu. Kumwomba daktari ampe mnyama kifo kisicho na maumivu si usaliti. Usaliti ni kumshona mbwa kwa majivuno ya siku moja, kisha kumwacha aoze nyuma ya jiko.

Liko jambo gumu zaidi, ambalo wenye mbwa hawalisemi. Nguruwe hawangoji mshono upone. Mbwa akifungwa nyumbani, mwenye shamba hana budi kupanda dunguni mwenyewe, akeshe akipiga debe. Na aliyeko dunguni hawezi kumgeuza mgonjwa wala kufukuza inzi. Basi kazi humwangukia mkewe, au mtoto wa miaka kumi, ambaye hakuwapo kisu kilipokubaliwa. Mume akirudi alfajiri, macho mekundu, humkuta mtoto amelala ukutani, mkono umeshika kamba ya mbwa, na maji ya kuoshea kidonda yamekwisha kupoa.