Samaki Asiye na Kipande cha Baba



Katika nyumba nyingi za bonde letu la Kilombero samaki hugawanywa kwa cheo. Kipande kinono ni cha baba, au cha mgeni akiwepo. Watoto hupewa mkia, na mama hubaki na mchuzi na miiba ya kufyonza. Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini hata mtoto mdogo anaijua: mkono wake hauendi upande wa kichwa.

Wajapani wana pishi moja linaloivuruga sheria hiyo, na linapikika hapa hapa Mang'ula. Wanaliita taimeshi, na upande wa Matsuyama linasifika sana. Samaki mzima hupikwa juu ya mchele, chungu kimoja. Kabla ya kupakua, mpishi humtoa, humchambua miiba, kisha huirudisha nyama na kuichanganya na wali. Vipande vimekwisha. Kila sahani ina samaki, na hakuna wa kusema kichwa kilikwenda kwa nani.

Wao hutumia samaki wa baharini. Sisi tuna perege wa Kilombero. (Ana magamba, kwa hiyo hata jirani Msabato, anayemkwepa kambale, atasogea.) Mpare, mtoe matumbo, mpake chumvi na umwache robo saa. Atatoa maji yenye shombo, yafute. Mchome kidogo kwenye makaa, ngozi tu ibadilike rangi. Mchele, Saro 5 unafaa kabisa, uoshe na kuuloweka nusu saa. Vikombe 3 vya mchele, maji vikombe 4 hivi, chumvi, vipande vya tangawizi, na vijiko 2 vya sosi ya soya kama duka la mtaani linayo. Maji yakichemka mlaze perege juu, funika, punguza moto. Yakikauka, epua, na usifunue kwa dakika 10. Mafuta hayamo, nyanya haimo, nazi haimo. Perege aliyelala tangu jana atajitangaza mwenyewe. Na habari za kula samaki mbichi tuziache: wa maji baridi huweza kuwa na minyoo, lazima aive.

Mtume Paulo alisikia habari za meza isiyo na usawa kama hii yetu huko Korintho. Wakristo wale walikusanyika kwa chakula cha Bwana, lakini kila mtu alitangulia kula chake. Mmoja akabaki na njaa, mwingine akalewa. Paulo hakulichukulia kama suala la adabu za mezani. Aliwauliza kwa barua kama wanalidharau kanisa la Mungu, na kuwaaibisha wasio na kitu. Someni 1 Wakorintho 11, kuanzia mstari wa 17. Mimi naona barua ile ingeweza kuandikwa kwa jumuiya zetu, ambako siku ya sherehe meza kuu inaanza na kuku huku wapishi wakikwangua masufuria nyuma ya nyumba.

Hata wakubwa wa dunia wamewahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1965 Akihito, wakati huo mrithi wa kiti cha Japani, alimpelekea mfalme wa Thailand samaki 50 wa jamii ya perege, yule anayeitwa sato kule Ziwa Victoria. Mfalme hakuwakaanga. Aliwazalisha katika mabwawa ya ikulu, kisha wakagawiwa wananchi, na leo ni kitoweo cha mtu wa kawaida kule.

Lakini katika taimeshi kinachonigusa zaidi ni ile kazi ya kuchambua miiba. Perege ana miiba, na anayeichambua anaungua vidole wakati wengine wamekaa wanasubiri. Katika Yohana 21 Bwana mfufuka ndiye aliyewasha makaa, ndiye aliyeweka samaki, na ndiye aliyewagawia kwa mkono wake watu waliomkimbia. Basi akina baba, Jumapili hii sufuria ikiepuliwa, kazi hiyo ni yenu. Zile dakika 10 za kungoja zinatosha kusoma somo la Paulo kwa sauti, watoto wakiwepo.

Kuhusu ukoko sina hukumu. Nasikia hata Wajapani huugombea.