Wimbo wa Kazi Humtumikia Nani?

Sisi walimu tufundishapo nyimbo za kazi, aghalabu huwaambia wanafunzi kwamba shabaha yake ni kuwatia watu moyo na kuwapunguzia uchovu. Jibu hili ni sahihi, lakini halijatimia. Nguvu iliyoongezwa na wimbo ilimfaidi nani: aliyeimba, au aliyemwajiri? Ili tulipime swali hili, na tutazame nyimbo za kimai za mabaharia wa Ayalandi na wenzao waliosafiri katika bahari ya Atlantiki katika karne ya 19.

Wakati huo merikebu za tanga zilikwenda na kurudi kati ya Liverpool na New York, na miongoni mwa mabaharia wake walikuwamo Waayalandi wengi. Nchi yao ilikumbwa na njaa kuu kuanzia mwaka 1845 hadi 1852; watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama. Wanamaji hao walikuja na mahadhi ya kwao, yakakutana na nyimbo za Wamarekani Weusi waliopakia pamba katika bandari za kusini mwa Marekani. Hivyo nyimbo hizi ni mazao ya makutano ya watu maskini.

Muundo wake ulifuata kazi. Palipotwekwa tanga, manju aliimba mshororo peke yake huku wenzake wakivuta pumzi. Walipoitikia, wote waliivuta henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, kwa mkupuo mmoja. Palipong'olewa nanga, watu walilisukuma duara wakilizunguka, na kiitikio kikawa kirefu, cha kufuata hatua. Manju aliongeza beti au kuzipunguza, kwa kuwa wimbo ulikoma pale tu kazi ilipokwisha.

Sasa tufikiri. Katika manowari za Uingereza, zilizokuwa na mamia ya watu, nyimbo hizo hazikuruhusiwa. Kazi ilifanywa kwa amri na filimbi. Zilistawi katika merikebu za biashara, ambazo wenyewe walipunguza mabaharia ili wapate faida zaidi. Mabaharia walikuwa na usemi kuwa wimbo mzuri ni sawa na watu kumi kwenye kamba. Usemi huo ni sifa, lakini pia ni hesabu: watu hao kumi hawakuajiriwa, na mshahara wao ulibaki mfukoni mwa tajiri.

Je, basi wimbo ulikuwa mjeledi uliopakwa asali? Hatudhani hivyo. Desturi ilimpa manju ruhusa ya kutamka wimboni yale ambayo baharia angeadhibiwa kwa kuyasema waziwazi: chakula kibovu, chombo kinachovuja, serahangi katili. Wimbo uitwao "Leave Her, Johnny" uliimbwa mwishoni mwa safari, aghalabu kwenye bomba la kutolea maji ya ngamani, na humo manung'uniko yote yalimwagwa huku nahodha akisikia. Mtu awezaye kumwimba bwana wake hajageuka kuwa chombo tu.

Hata hivyo, ruhusa ya kuimba si haki. Nahodha alisikia, akanyamaza, na chakula kikabaki kilekile. Hatari ya merikebu kulemewa na shehena ilipunguzwa na sheria ya mwaka 1876, iliyotokana na juhudi za mbunge Samuel Plimsoll, ambayo ililazimisha alama ya ujazo ubavuni mwa chombo. Na mwaka 1887 mabaharia wa Uingereza waliunda chama chao cha wafanyakazi chini ya Havelock Wilson. Twaona basi kuwa wimbo ulilinda utu wa baharia, ila haki aliipata kwa kudai. Ubaya huanza pale mtu anapopewa wimbo ili asidai haki.

Mvuke ulikwisha kuzitoa nyimbo hizo kazini, na leo huimbwa majukwaani kwa furaha. Si kosa kuzifurahia. Lakini mwalimu asikose kuuliza darasani: nani alivuta kamba, na nani alihesabu fedha? Swali hilo latufaa pia tukifundisha nyimbo za kulima, kutwanga na kuvua. Nasi ambao kila mwaka husifiwa kuwa ualimu ni wito, tuna sababu yetu wenyewe ya kulielewa.